Nimebakisha miaka mitatu nipate pensheni ya uokoaji, na mgongo umegoma

BARUA

Shikamoo mama mshauri,

Ninaisoma safu yako kila inapotoka, na mara nyingi huwa nawajibu watu moyoni kabla sijafika kwenye majibu yako. Leo mimi ndiye ninayeuliza. Naomba usichapishe jina langu wala la mji wetu. Mji ni mdogo na tunajuana.

Naishi North Carolina, huku mashambani. Nina miaka 49. Mchana ninafanya kazi kwenye makao ya wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Usiku, na baadhi ya siku za mwisho wa wiki, niko kwenye kikosi cha uokoaji cha kujitolea. Redio ikilia ninaamka, navaa, nakimbilia kituoni, tunapanda gari la wagonjwa. Hatulipwi. Huu ni mwaka wangu wa 17.

Nilijiunga kwa sababu ya jirani yetu. Alianguka nje ya nyumba yake, na mimi na mume wangu tulisimama tunamtazama bila kujua tuanzie wapi, mpaka kikosi kilipofika. Mmoja wao alikuwa fundi bomba, mwingine mwalimu. Walimkandamiza kifua kwa zamu mpaka akarudi. Nikasema na mimi nataka kujua wanachokijua hawa watu.

Huku kwetu kuna mfuko wa pensheni wa jimbo kwa wazima moto na waokoaji, pamoja na sisi wa kujitolea. Nilijiandikisha mapema, nikawa nachanga dola 10 kila mwezi. Ukitimiza miaka 20 ya utumishi na umri wa miaka 55, unaanza kulipwa kila mwezi maisha yako yote. Si fedha nyingi, haifiki dola 200 kwa mwezi. Lakini mama, kazi yangu ya mchana haina pensheni. Hiyo ndiyo fedha pekee ya uzeeni ambayo ingekuwa na jina langu mimi, ukiacha ile ya serikali kuu ambayo kila mfanyakazi anakatwa.

Sasa matatizo. Majira ya baridi ya mwaka jana tulikuwa tunamshusha mgonjwa mzito kwenye ngazi za nje. Kulikuwa na barafu. Mwenzangu aliteleza, na uzito wote wa machela ukanijia mimi. Sikumwachia mgonjwa. Usiku uleule nilimweleza kiongozi wa zamu, naye aliandika kwenye ripoti. Nilidhani ni msuli tu. Tangu hapo mgongo haujakaa sawa. Nimelipia daktari kwa bima ya kazini kwangu na kwa fedha yangu, na kuna wiki nilizokosa mshahara kabisa. Mwenzangu mmoja aliniambia kuna mfuko wa msaada kwa waokoaji wanaoumia. Nilimwambia hapana. Ninavyojua mimi, hizo ni fedha za wajane na watoto wa waliokufa kazini. Mimi natembea, nala, nafanya kazi. Nitaombaje?

Kisha kuna hili la orodha. Miezi michache iliyopita niliomba taarifa yangu ya pensheni. Imeandikwa miaka 15. Kumbe kila mwaka kikosi hutakiwa kupeleka orodha ya wanachama wake waliotimiza masharti, na kuna miaka miwili ambayo jina langu halikuwamo. Nilikuwa nafanya kazi kama kawaida. Aliyekuwa akishughulikia karatasi wakati huo alishahama. Mkuu wa sasa nikamuuliza, akasema, "Tutaangalia." Mpaka leo wanaangalia. Sitaki kumsukuma, hawa ni watu wangu.

Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alipoona ile karatasi alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Wanakutumia," alisema. "Umewabebea watu wao miaka yote hii, na jina lako hawakuandika." Anataka niache mwezi huu huu. Anasema kwa hizo dola mia na kitu, heri azeeke na mke anayeweza kuinama. Binti yetu mkubwa anasema kinyume: mama, umebakisha kidogo, vumilia.

Na mimi sijui. Kuna usiku silali hata kama redio iko kimya. Kuna mtoto tuliyemtoa kwenye bwawa, sitaki kueleza zaidi. Lakini pia tumebaki wachache sana kikosini. Nikiondoka, kuna usiku hakutakuwa na mtu wa kutosha kulitoa gari, na nyumba zinazotegemea lile gari nazijua moja moja.

Nivumilie hii miaka mitatu, ambayo kwa karatasi zao ni mitano? Nipiganie ile miwili? Niombe msaada? Na zaidi ya yote, je, mtu aliyesema atafanya kazi bure ana haki gani ya kuanza kuulizia fedha?

Mama wa Zamu ya Usiku

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mgongo, na pole kwa yule mtoto wa bwawani, ambaye umemtaja kwa sentensi moja ukapita haraka. Nitamrudia, ukiniruhusu.

Nimeisoma barua yako taratibu. Umeuliza kama uendelee au uache, lakini naona maswali kadhaa yamefungwa pamoja, na ndiyo maana hakuna linalofunguka. Kuna mwili ulioumia. Kuna miaka miwili iliyopotea kwenye karatasi. Kuna aibu ya kuomba. Kuna mume mwenye hasira na binti mwenye matumaini. Na kuna wale watu wa nyumba unazozijua moja moja. Kila mmoja wao anavuta upande wake, nawe unataka jibu moja litakalowaridhisha wote. Sidhani lipo. Lakini baadhi ya maswali haya hayahitaji kusubiri mpaka uamue kuhusu miaka iliyobaki.

Naomba nianze na lile ambalo hukuniuliza, kwa sababu lina tarehe. Uliumia ukiwa kazini. Hukuwa unalipwa, ndiyo, lakini sheria ya fidia ya kuumia kazini ya North Carolina inawatambua pia waokoaji wa vikosi vya kujitolea, na jimbo lina mfuko wa fidia ulioundwa mahususi kwa ajili ya vikosi kama chenu. Muulize mkuu wako kikosi kimo kwenye bima ipi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: mwokoaji wa kujitolea akipoteza mshahara kwa sababu ya jeraha, hesabu ya fidia hutazama kile anachopata kwenye kazi inayomlisha. Kwa hiyo zile wiki ulizokosa kwenda kuwaogesha wazee zina uzito mbele ya sheria, hata kama machela uliyobeba ulikuwa unaibeba bure.

Lakini dai hilo lina muda. Sheria inataka taarifa ya maandishi kwa mwajiri ndani ya siku 30, na dai lenyewe lifikishwe kwenye Tume ya Viwanda ya jimbo, chombo kinachoshughulikia madai ya fidia, ndani ya miaka 2 tangu siku ya kuumia. Zile siku 30 zimekupita, ila sheria inaruhusu kusikilizwa aliyechelewa kwa sababu ya msingi, ikiwa upande wa pili haukuumizwa na ucheleweshaji huo. Wewe ulisema usiku uleule, na mtu akaandika. Ripoti ile itafute leo. Omba nakala. Mwaka mmoja na zaidi umeshapita, na ule wa pili hautasubiri mgongo wako uamue.

Ujiandae pia kwa swali ambalo litakuja bila huruma: utajuaje mgongo uliumia ngazini, na si kwenye vitanda vya wazee? Kazi yako ya mchana ni ya kuinua watu. Watakaolipa wataliona hilo kabla ya jingine lolote. Kwa hiyo daktari wako anahitaji kusikia habari ya zile ngazi, tarehe yake, na jinsi ulivyokuwa kabla na baada, na ayaandike. Inawezekana akasema kazi zote mbili zimechangia. Na kama matibabu yalilipwa na bima ya kazini kwako wakati jeraha ni la kikosini, huenda bima hiyo ikataka kurudishiwa. Kwenye hili nakushauri upate wakili wa mambo ya fidia, na umuulize mapema anavyolipwa. Sikuambii uende vitani na mtu. Nakuambia usiache mlango ujifunge wakati wewe bado unajiuliza kama una haki ya kubisha hodi.

Sasa niingie kwenye aibu, maana hapo ndipo barua yako ilipo hasa.

Umesema ule mfuko wa msaada ni wa wajane na mayatima. Ni kweli wamo. Lakini si wao peke yao. Mfuko wa Msaada wa Waokoaji wa North Carolina uliwekwa na sheria, unasimamiwa na chama cha waokoaji na wahudumu wa dharura wa jimbo, na miongoni mwa makusudi yake yaliyoandikwa ni kumkinga mwokoaji aliye kazini dhidi ya hasara ya fedha inayotokana na ugonjwa au jeraha alilolipata akitimiza wajibu wake. Soma tena maneno hayo taratibu, mwanangu. Yanamhusu mtu anayetembea na kula na kufanya kazi, huku mfukoni amepungukiwa kwa sababu hakumwachia mgonjwa.

Na fedha zenyewe zinatoka wapi? Kwa sehemu zinatoka kwenye ada ndogo ya ukaguzi wa usalama wa magari. Kila dereva wa jimbo anapopeleka gari lake kukaguliwa, senti chache huingia humo. Mume wako amechangia. Wewe umechangia. Hata yule mgonjwa mzito wa kwenye ngazi, kama ana gari, amechangia. Watu wa jimbo lako walishaamua, kupitia sheria yao, kwamba anayeumia akiwaokoa asibebe gharama peke yake. Ukijaza fomu unatumia walichokuwekea. Mfuko una masharti yake kuhusu uanachama na mafunzo, na unaweza kukataliwa au ukapewa pungufu ya ulichotarajia. Hilo litauma, kwa sababu mtu mwenye aibu akikataliwa huona aibu yake imethibitishwa. Lijue mapema. Kukataliwa kwenye fomu huwa ni habari ya fomu.

Umeuliza pia mtu aliyesema atafanya kazi bure ana haki gani. Nimelifikiria sana swali hili, kwa sababu linatoka kwa mtu mwenye moyo safi, na watu wenye moyo safi ndio wanaoumizwa nalo. Tazama wengine wanavyolichukulia. Kule New York, kwenye vikosi vyenye mpango wa tuzo ya utumishi, mhudumu wa kujitolea hujikusanyia pointi kwa mafunzo, miito na zamu. Akifikisha 50 kwa mwaka, mwaka huo umehesabika kuelekea malipo ya uzeeni. Hata sheria ya kodi ya serikali kuu inaitambua mipango ya namna hii. Mwaka 2017 Bunge la Marekani lilipandisha kiwango cha tuzo ambacho mtu wa kujitolea anaweza kujiwekea kwa mwaka chini ya utaratibu huo, kutoka dola 3,000 hadi 6,000. Walioandika sheria hizo hawakuona kwamba kujitolea kunakufa mtu akipewa kitu uzeeni. Waliona kwamba bila kitu hicho vituo vinabaki na magari bila watu. Ulichoahidi wewe ni kutolipwa kwa safari. Sijaona mahali popote kwenye barua yako ulipoahidi kuzeeka na maumivu bila kumsumbua mtu.

Tuje kwenye miaka miwili. Hapa nitauliza jambo kuhusu hasira ya mume wako, na jambo kuhusu upole wako.

Yeye anasema wanakutumia. Inawezekana. Lakini yawezekana vilevile kwamba kikosi cha watu wachache, wote wenye kazi nyingine, kilimwachia karatasi mtu mmoja aliyechoka, na mtu huyo akaruka jina, mwaka uliofuata akanakili orodha ileile. Matokeo kwako ni yaleyale, ila namna ya kuwaendea inabadilika. Nawe unasema hutaki kumsukuma mkuu kwa sababu ni watu wako. Je, ungejisikiaje kama mwenzako kikosini angegundua amepotezewa miaka miwili, akakaa kimya asikusumbue wewe? Nadhani ungesikitika kwamba hakukuamini.

"Tutaangalia" ya mdomo haina mwisho. Andika barua fupi, ya heshima, yenye tarehe, umpe mkuu, ubaki na nakala. Itaje miaka yenyewe. Ambatanisha unachoweza: vyeti vya mafunzo vya miaka hiyo, ratiba za zamu, ripoti za miito zenye sahihi yako. Mfuko wa pensheni hutaka mwokoaji awe na angalau saa 36 za mafunzo na mikutano kwa mwaka, kwa hiyo rekodi za darasani zina nguvu kuliko ushahidi wa marafiki. Na tafuta stakabadhi za michango yako. Kama dola 10 zako ziliendelea kupokelewa katika miaka ambayo jina halikuwamo kwenye orodha, hilo ni swali zuri la kuuliza ofisi ya Mweka Hazina wa Jimbo, inayousimamia mfuko. Wapigie wewe mwenyewe, uulize ni nini hasa wanachohitaji kutoka kikosini ili kurekebisha mwaka uliopita, kisha umpelekee mkuu jibu hilo. Mara nyingi mtu husema "tutaangalia" kwa sababu hajui pa kuanzia.

Kuna hatari hapa, sitaificha. Wanaweza kukuona msumbufu. Chumba cha kahawa kituoni kinaweza kupoa kidogo ukiingia. Na hata ukifanya yote vizuri, mwaka mmoja unaweza kurudi na mwingine usirudi. Ndiyo maana ningependa ujue idadi ya kweli kabla ya kuamua kuhusu kubaki. Mitatu na mitano si kitu kimoja kwa mgongo wa mtu wa miaka 49.

Kuhusu fedha yenyewe, mume wako anaidharau na binti yako anaitukuza, na nadhani hakuna kati yao aliyekaa na kalamu. Kiwango kilichotumika kwa miaka mingi ni dola 170 kwa mwezi. Hiyo ni dola 2,040 kwa mwaka. Kwa mtu aliyechanga dola 10 kwa miezi 240, yaani dola 2,400, mchango wake wote unamrudia ndani ya miezi 15 hivi tangu aanze kulipwa. Akiishi hadi miaka 75, atakuwa amepokea dola 40,800. Si za kuachia kazi. Lakini kwa mwanamke asiye na pensheni nyingine kazini kwake si mia na kitu tu, na nimekusikia uliposema ingekuwa na jina lako. Upande wa pili wa kalamu uandike gharama: ukiuvunja mgongo kiasi cha kushindwa kazi ya mchana, mshahara wa mwezi mmoja utakaoupoteza ni mara ngapi ya hizo 170? Hesabu hiyo unayo wewe. Fanyeni pamoja, nyinyi wawili, mezani.

Na ukiamua kuondoka, usiombe kurudishiwa michango yako kwa haraka ya hasira. Anayejiondoa kwenye mfuko anaweza kuchukua alichochanga, lakini uliza kwanza itakuwaje kuhusu miaka yako. Uliza pia, kwa maneno haya haya, sheria inasemaje kuhusu mwanachama aliyeumia akiwa kazini hata asiweze kuendelea, na kuhusu aliyepata ulemavu akiwa ameshatimiza miaka 10. Vipengele vya watu hao vipo. Sikuombei ufike huko. Ila usiache mlangoni kitu ambacho kiliwekwa kwa ajili ya watu wa hali yako.

Kuna dhana moja katika barua yako ambayo ningependa tuitikise kidogo. Umeandika kana kwamba njia ni mbili, kubeba machela au kurudisha redio. Kikosi kina kazi nyingine. Kuna kuendesha gari. Kuna kufundisha wapya, na aliyekaa miaka 17 ana vitu ambavyo havimo kwenye kitabu cha mafunzo. Kuna kukagua vifaa na dawa. Na kuna karatasi, mwanangu, zile zile zilizokupotezea miaka miwili. Uliza kama mwanachama wa kazi hizo, akitimiza saa zake za mafunzo, anabaki kwenye orodha inayopelekwa kwenye mfuko. Kama ndivyo, miaka iliyobaki ina sura tofauti kabisa. Ila nami naijua hatari ya njia hii, na ni wewe mwenyewe. Siku mtakapofika nyumbani kwa mtu mkiwa wawili, na mgonjwa yuko ghorofani, utasema "mimi siinui"? Mtu ambaye hakuachia machela kwenye barafu ataweza kusimama chini ya ngazi akatazama? Kama jibu ni hapana, basi kazi nyepesi inayokuacha karibu na gari si nyepesi. Ingebidi ukae mbali na gari kabisa, na hilo linaweza kukuuma kuliko kuondoka.

Nilisema nitamrudia mtoto. Unasema kuna usiku hulali hata redio ikiwa kimya. Hilo nalo ni jeraha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 iliyoongeza majeraha ya akili yanayotokana na matukio ya kazini kwenye yale yanayoweza kuhesabika katika mafao ya serikali kuu kwa watumishi wa usalama wa umma wanaofariki au kulemaa kazini. Sikutajii hilo ili udai, nakutajia ili ujue hata watunga sheria waliacha kuliita udhaifu. Mwambie daktari wa mgongo kuhusu usingizi. Waulize kikosini kama kuna mshauri wa wahudumu wa dharura katika kaunti yenu. Na usiku ukiwa mzito kupita kiasi, namba 988, simu ya msaada kwa walio kwenye dhiki ya akili, inajibiwa saa zote. Usikae peke yako na bwawa lile.

Mume wako sasa. Nimesoma maneno yake mara mbili, na sisikii dharau kwa kazi yako. Naona mtu anayelala njiani kwenye lori, mbali, akijua mke wake yuko kwenye barabara za giza na barafu na mgongo mbovu. Wanaume wengi hofu yao hutoka mdomoni ikiwa hasira. Mmewahi kuzungumza juu ya siku ambayo hutarudi? Kuna mafao ya serikali kuu yaliyoanzishwa na sheria ya mwaka 1976 kwa familia za watumishi wa usalama wa umma wanaofia kazini. Mwaka 2003 yaliongezwa yagusie mshtuko wa moyo na kiharusi vinavyofuata kazi nzito, na tangu 2013 yanawafikia pia wahudumu wa magari ya wagonjwa wa vikosi visivyo vya kibiashara vilivyoidhinishwa kuhudumia eneo lao. Ni mazungumzo machungu, lakini yaanzisheni. Na muulize swali moja ambalo sidhani umeshamuuliza: kama ile miaka miwili wangeirudisha kesho na kuomba radhi, bado angetaka uache? Jibu lake litakuonyesha kama anachokipigania ni heshima yako au ni mgongo wako. Ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kuhusu nyumba unazozijua moja moja, hapo sitakudanganya kwamba hazitaguswa. Zitaguswa. Lakini sheria ya North Carolina inaweka jukumu la kuhakikisha wananchi wanapata huduma ya dharura juu ya kila kaunti. Halikuwekwa juu ya mwanamke mmoja wa miaka 49. Kwa miaka 17 umeziba pengo, na kwa kuwa umeliziba vizuri, waliopaswa kuliona hawakuliona. Ukipunguza zamu au ukiondoka, watangulie kwa taarifa ya mapema na ya maandishi, ili kikosi na kaunti wajue ni usiku upi utabaki wazi, tangu lini. Hiyo pia ni huduma kwa zile nyumba.

Sikukupa jibu la kubaki au kuondoka, na sitakupa. Naona kila upande una gharama halisi, na wewe ndiye utakayeamka na mwili huo asubuhi. Ninachokuomba ni utaratibu wa wiki hizi: ripoti ya usiku wa ngazi kwanza, kwa sababu ya ule muda wa miaka 2. Kisha daktari, na mume wako awepo chumbani kama ratiba ya lori inaruhusu, mumuulize kwa kilo ni uzito gani unaruhusiwa kuinua na kwa muda gani. Kisha barua kwa mkuu. Mpaka hapo, waambie kikosini kwamba hubebi machela, na mpe kiongozi wa zamu maneno hayo kwa maandishi pia.

Ukipata jibu la daktari na idadi ya miaka iliyorekebishwa, niandikie tena. Tutaizungumza ile mitatu, au mitano, tukijua ni ipi.